Mto Hausomi Ramani

Uhakiki ni kazi ya kupambanua uzuri na ubaya wa jambo kwa haki. Wengi wetu tumezoea kuhakiki shairi, hadithi au mchezo wa kuigiza. Katika insha hii nakualika, msomaji, tuyahakiki maandishi ya namna nyingine, ambayo hayakuandikwa kwa maneno bali kwa mistari, wala hayakuwekwa kabatini bali yamelazwa juu ya nchi. Maandishi hayo ni ramani ya viwanja. Mwandishi wake ni mpimaji, wino wake ni mawe ya mipaka, na karatasi yake ni ardhi yenyewe. Kitabu kibaya hupoteza wakati wa msomaji, naye aweza kukifunga akalala. Ramani mbaya haifungiki. Watu huzaliwa ndani yake, hulala ndani yake, na mvua ikizidi wengine hufa ndani yake. Kwa sababu hiyo yastahili ihakikiwe kwa uangalifu kuliko kitabu.

Maandishi tutakayoyasoma ni mitaa ya mashariki ya Nairobi, ile ambayo wenyeji wake huiita Eastlands. Mitaa hiyo yaanza Pumwani, Ziwani na Kaloleni karibu na katikati ya mji, ikapita Makongeni, Bahati, Jericho na Buruburu, ikaenda hadi Umoja, Dandora, Kayole na Njiru. Huenda wewe usomaye umezaliwa katika mmoja wao. Ikiwa ndivyo, usidhani nakuja kuutukana mtaa wenu. Mhakiki mwema hamchukii mtoto kwa kosa la mkunga.

Hukumu isiyo na kipimo ni ugomvi, si uhakiki. Basi tuweke vipimo vitatu kabla ya kuanza. Kwanza, je, mgawaji aliisoma ardhi kabla ya kuiandika? Yaani, alitambua mto na kingo zake, kijito kisichokuwa na maji ila wakati wa masika, bonde, kinamasi, mwamba, na mti mkubwa uliotangulia nyumba zote? Pili, alichokiacha wazi alikiacha mikononi mwa nani? Tatu, je, kazi yake imestahimili mvua na miaka? Vipimo hivi ni vyepesi kukumbuka, nawe waweza kuvitumia popote penye viwanja.

Kabla ya ramani yalikuwapo majina, na majina ndiyo ramani ya kwanza ya nchi yo yote. Jina la Nairobi latokana na lugha ya Kimaasai, nalo lahusu maji baridi. Mukuru, katika Kikuyu, ni bonde. Mathare ni miti iitwayo hivyo na Wakikuyu, ipendayo mahali penye unyevu. Njiru ni neno la weusi. Ziwani hapahitaji kufasiriwa. Tazama, basi, jinsi wenyeji wa kale walivyotuachia habari bila kutulipisha: hapa pana maji, hapa pana bonde, hapa pana miti, hapa pana ziwa. Aliyekuja na kamba ya kupimia akayaandika majina hayo juu ya karatasi, lakini hakuuliza maana yake. Ni kama mwanafunzi anayenakili ubaoni neno asilolielewa. Mwandiko wake ni mzuri, na elimu yake ni bure.

Umbo la nchi lathibitisha majina hayo. Magharibi ya Nairobi ni nchi ya miinuko, udongo mwekundu na mabaki ya msitu. Mashariki ni tambarare inayoelekea nyika za Athi, na udongo wake ni mweusi. Udongo huo unywapo mvua huvimba na kunata. Ukipigwa na jua hunywea na kupasuka nyufa zinazoweza kumeza fimbo. Mjenzi mwenye busara huuchimba na kuutoa mpaka afike penye mwamba. Maji hayapiti upesi ndani yake, bali hutuama juu. Zaidi ya hayo, mito mitatu hutoka pande za juu ikatiririka kuelekea mashariki: Mto Nairobi, ambao chanzo chake ni kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, Mto Mathare na Mto Ngong. Yote hukutana upande wa mashariki, maji yake yakaingia katika Mto Athi, na kwa majina ya Galana na Sabaki yakafika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Maana yake ni hii: maji ya karibu mji mzima, masafi na machafu, hupita Eastlands kabla ya kwenda popote.

Nani basi aliwaweka watu wengi mahali pa namna hiyo? Reli ilifika hapa mwaka 1899, na wahandisi wakapenda tambarare kwa ajili ya karakana na njia za garimoshi. Hawakuwa wakichagua mji. Walikuwa wakichagua kituo. Mji ulipokua, utawala wa kikoloni uliwagawa wakazi kwa rangi. Wazungu walipewa miinuko ya magharibi, na Waafrika wakawekwa mashariki, karibu na reli, viwanda na maji yaliyotuama. Hili yafaa tulitamke wazi mwanzoni, kwa sababu mhakiki anayesifu miti na kusahau dhuluma ni mhakiki nusu.

Sasa tufungue kurasa za kwanza. Kaloleni ulijengwa katika miaka ya 1940. Wakati huo wapangaji wa miji wa Uingereza walikuwa wameathiriwa na mawazo ya Ebenezer Howard, ambaye mwaka 1898 alitoa kitabu cha kuhimiza miji yenye bustani, ili mtu wa mjini asitengwe na majani na hewa safi. Mwaka 1948 ukachapishwa mpango mkuu wa Nairobi, uliotungwa na Thornton White pamoja na Silberman na Anderson, nao ulitumia wazo la mitaa ya ujirani: kila mtaa uwe na shule yake, maduka yake na uwanja wake, vyote vikifikiwa kwa miguu. Ukienda Kaloleni utaliona wazo hilo kwa macho. Nyumba ni fupi, za mawe na vigae, zimepangwa kuzunguka viwanja vya majani, na miti mikubwa imetandaza vivuli juu ya mapaa. Katikati pana ukumbi wa jamii, ambamo wanasiasa wa siku za kupigania uhuru walihutubia watu.

Hukumu yangu juu ya Kaloleni ina pande mbili. Upande mmoja, mwandishi wa ukurasa huu alijua thamani ya nafasi tupu. Alielewa kuwa pengo kati ya nyumba na nyumba lina kazi kama ile ya kituo katika sentensi: bila kituo msomaji hukosa pumzi. Watoto walipata pa kuchezea, wazee pa kuketi, na mvua ikapata majani ya kuipokea. Upande wa pili, mwandishi huyo huyo aliwaandikia watu asiowapa haki ya kuwa raia wa mji. Mkazi alikuwa mpangaji tu, vyumba vilikuwa vidogo, na kipande kilimfuata mfukoni. Kivuli cha mti hakifuti dhuluma. Lakini pia dhuluma haikuufanya mti kuwa mbaya. Kosa la wengi waliokuja baadaye ni kuvichanganya vitu hivi viwili: walipoikataa dharau ya mkoloni, wakaukataa na uwanja wa majani, kana kwamba nafasi wazi ni mali ya mgeni.

Wala si kweli kwamba kuacha sehemu ya ardhi bila kuigusa ni elimu iliyokuja na meli. Jina la Kaloleni liko pia huko Kilifi, katika nchi ya Wamijikenda, na Wamijikenda ndio waliozihifadhi kaya, misitu mitakatifu iliyobaki imesimama wakati mashamba yalipofyekwa kuizunguka pande zote. Mwaka 2008 baadhi ya kaya hizo ziliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Wakikuyu nao, walipofyeka msitu ili walime, waliuacha mugumo. Wazee hao hawakuwa na ofisi ya mipango wala kalamu ya wino, lakini walijua kanuni ambayo wapimaji wengi wa leo wameisahau: kwamba kugawa si lazima kumalize, na kwamba katika kila ardhi iko sehemu ambayo fungu lake ni kutogawanywa.

Tufungue kurasa za kati. Katika miaka ya 1970 nchi huru ilihitaji nyumba kwa haraka. Buruburu ulijengwa kwa awamu, kwa msaada wa fedha kutoka shirika la maendeleo la Jumuiya ya Madola, na nyumba zake ziliuzwa kwa watu wenye mishahara ya kadiri. Ziliwekwa kwa makundi kuzunguka nyua za pamoja, miti ikapandwa, na barabara za ndani zikanyimwa unyoofu ili magari yasikimbie. Kwa kipimo cha kwanza na cha pili, huu ni ukurasa mzuri. Lakini kipimo cha tatu ni kikali. Miaka ilipopita, wenye nyumba waliongeza vyumba kuelekea mbele, wakajenga maduka penye bustani, na katika sehemu nyingi nafasi ya wote ikawa nafasi ya mmoja. Umoja, uliojengwa miaka hiyo hiyo kwa msaada wa Marekani, ulipatwa na makuu zaidi: katika sehemu yake ya ndani nyumba za chini zimepandiwa na ghorofa zilizosongamana hata mchana chumba huhitaji taa. Yatupasa tuseme kwamba waandishi wa kurasa hizi hawakukosa sana. Waliokosa ni walinzi wa maandishi. Nafasi iliyoachwa wazi bila mlinzi ni mwaliko kwa mnyakuzi.

Dandora ina habari yake ya pekee. Mwaka 1975 serikali na halmashauri ya mji zilipatana na Benki ya Dunia kutoa viwanja karibu 6,000 vyenye maji, choo na barabara, ili watu wa kipato kidogo wajijengee vyumba vyao polepole. Ulikuwa mpango wenye heshima, kwa maana ulimwamini maskini. Lakini hapo hapo karibu na mtaa, katika shimo lililochimbwa mawe ya kujengea, kando ya Mto Nairobi, mji uliamua kumwaga taka zake katika miaka hiyo hiyo. Shimo lilionekana kama kasoro ya kuzibwa. Taka zilijaa, zikawa kilima, na maji ya mvua yanapokishuka kilima hicho huingia mtoni. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Nairobi hii hii, lilitangaza matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wa eneo hilo: karibu nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiasi kinachokubalika. Mtoto hakushiriki kuchora ramani, lakini ramani imeandikwa katika damu yake.

Kurasa za mwisho ni zile zinazoandikwa hata leo. Mashamba makubwa ya mashariki yalinunuliwa na makampuni na vyama vya wanahisa, yakakatwa viwanja vidogo vidogo. Niliwahi kuonyeshwa ramani moja ya namna hiyo na mtu aliyetaka ninunue kiwanja. Ilikuwa safi kama karatasi ya hesabu: miraba kwa miraba, barabara zimenyooka, kila kiwanja na nambari yake. Katikati palikuwa na mstari mwembamba wa buluu uliokatiza miraba kama kumi na minne. Nikauliza, "Mstari huu ni nini?" Muuzaji akacheka akasema, "Mwalimu, huo ni mkondo wa zamani tu. Umekauka. Viwanja hivyo ndivyo vya bei nafuu." Nilirudi mahali pale wakati wa masika. Mkondo wa zamani ulikuwa umekumbuka njia yake. Mama mmoja alikuwa akichota maji kwa karai kutoka chumbani mwake na kuyatupa mlangoni, nayo yakarudi. Alikuwa na karatasi yake ya umiliki, aliyoiweka juu ya kabati isilowe. Mto hausomi ramani, wala hauheshimu muhuri.

Hii ndiyo kasoro kubwa ya ramani ya miraba: husema uongo kwa sauti ya ukweli. Nambari ya kiwanja huaminisha kwamba viwanja vyote ni sawa, hali kimoja kiko juu ya mwamba na kingine ndani ya mto. Mwenye fedha hununua cha kwanza, kwa kuwa ana rafiki wa kumwonya. Maskini hununua cha pili, kwa kuwa bei yake ndiyo inayolingana na akiba yake. Hivyo kosa la mstari mmoja hugeuka kuwa kodi inayotozwa wanyonge kila mwaka wa mvua nyingi.

Twende sasa kwenye hesabu, maana mhakiki asiyehesabu hudanganywa na maneno yake mwenyewe. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Kiwanja cha futi 40 kwa futi 60 kina mita za mraba 223 hivi. Mvua kubwa ya milimita 50 ikikinyeshea, kitapokea lita 11,150, yaani mapipa zaidi ya 55 ya lita 200. Penye majani, miti na udongo uliolegea, sehemu ya maji hayo hunywewa na sehemu huchelewa. Penye mabati na saruji ukuta kwa ukuta, karibu yote hutiririka mara moja. Viwanja 1,000 vya namna hiyo hutoa lita zaidi ya 11,000,000 kwa mvua hiyo moja. Sasa jiulize: maji hayo yataelekea wapi, ikiwa kijito kimejengwa na kingo za mto zimeuzwa? Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Hawakusema mkondo hufuata hatimiliki.

Jibu la swali hilo lilikuja mwaka 2024. Masika ya mwaka huo yalikuwa makali katika sehemu nyingi za Kenya. Huku Nairobi mito ilifurika, na Mathare na Mukuru zikapata mateso makubwa. Watu walikufa, na nyumba zikachukuliwa pamoja na vyombo na vitabu vya watoto wa shule. Mwishoni mwa Aprili serikali iliamuru watu waliokaa karibu na mito wahame, ikataja mita 30 kuwa umbali wa salama, kisha matingatinga yakaja kubomoa yaliyoachwa na maji. Wengi walivunjiwa nyumba mara mbili, mara ya kwanza na mto, mara ya pili na amri. Wala jambo hili si la Nairobi peke yake. Dar es Salaam iliona mfano wake Desemba 2011, Bonde la Msimbazi lilipofurika, na baadhi ya wakazi wakahamishiwa Mabwepande.

Hapa haki yatutaka tuulize swali ambalo halipendezi. Sheria haikuwa kimya. Kanuni za maji za mwaka 2007 zilikwisha kutaja ukingo usioguswa kandokando ya mto, kuanzia mita 6 hadi mita 30 kwa kadiri ya upana wa mto wenyewe. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 62, imeihesabu mito kuwa ardhi ya umma, na katika Kifungu cha 42 imempa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Basi nani aliyepima ukingo huo akauuza? Nani aliyeutia muhuri? Tulimwona aliyenunua akibeba godoro kichwani mvuani, aliyemwuzia hatukumwona. Adhabu inayomfikia mnunuzi na kumpita muuzaji haiwezi kuitwa ulinzi wa mto.

Najua, msomaji, kuna hoja ya kunipinga, nami sitaificha. Mtu aweza kusema: "Mwalimu, watu ni wengi na ardhi ni chache. Mtoto asiye na paa hawezi kulala juu ya mandhari. Kila mita unayouachia mto ni chumba ulichomnyima mtu." Hoja hii ina uzito, na anayeidharau hajawahi kutafuta chumba cha kupanga Pipeline au Kayole. Lakini tuipime. Chukua shamba la ekari 100 lenye kijito kinachopinda ndani yake kwa urefu wa kilomita 1. Tukiacha mita 10 kila upande, tumeacha mita za mraba 20,000, ambazo ni karibu ekari 5. Hiyo ni sehemu 1 katika 20. Gharama yake ikigawanywa kwa sehemu 19 zilizobaki, kila mnunuzi ataongeza kidogo zaidi ya senti 5 katika kila shilingi. Kwa senti hizo atapata mfereji usiojengwa kwa saruji, uwanja wa watoto, njia ya kupita kwa miguu, na usingizi wakati wa masika. Tena ekari 5 hizo hazikuwa nyumba hata kidogo. Zilikuwa mto uliovikwa jina la kiwanja. Hatumnyimi mtu chumba tunapokataa kumwuzia gharika.

Tena kuiacha ardhi iongoze mistari si jambo lisilowezekana. Mwaka 1869, karibu na Chicago, Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux walipanga mtaa uitwao Riverside kando ya Mto Des Plaines. Barabara zake walizipinda zifuate umbo la nchi, na ukingo wa mto wakauacha kuwa mali ya wote. Ni kweli kwamba mtaa ule ulikusudiwa wenye uwezo, nao walikuwa na nafasi tele. Hatuwezi kuuiga kama ulivyo. Lakini fikira yake hailipishwi: anza na maji, kisha barabara, kisha nyumba. Ramani nyingi za kwetu zimeanza na nyumba, zikafuata barabara, na maji yakaachiwa kujitafutia.

Wala tusitafute mfano mbali hali tunao nyumbani. Kamukunji, katika Eastlands hii hii, ndipo Wangari Maathai na wenzake walipopanda miti 7 tarehe 5 Juni 1977, na kutoka hapo likakua Shirika la Ukanda wa Kijani. Huko Korogocho, vijana wa kundi liitwalo Komb Green wamesafisha sehemu ya ukingo wa Mto Nairobi, wakaondoa taka, wakapanda miti na majani, na mahali palipoogopwa na wapita njia pakawa bustani ya watu. Vijana hao hawakuwa wapimaji, wala hawakupewa mto wakati wa kugawa. Walichofanya ni kusahihisha ukurasa ulioandikwa vibaya na wengine. Kazi yao nairejesha kwenye kipimo chetu cha pili: nafasi ya wazi huishi pale inapopata watu wanaosema, "Hii ni yetu," bila mmoja wao kusema, "Hii ni yangu."

Sasa tutoe hukumu. Kaloleni uliisoma ardhi lakini haukumheshimu mkazi. Buruburu uliiacha nafasi lakini haukuiwekea mlinzi. Dandora ilimwamini maskini lakini ikamjengea jaa mlangoni. Na viwanja vya miraba vya siku zetu, kwa jumla, havikusoma, havikuacha, wala havikulinda. Hivyo ndivyo vilivyo na kosa zito zaidi, kwa sababu vimechorwa na watu waliokwisha kuona makosa ya wote waliotangulia. Mitaa mikongwe ya Eastlands sasa imekuwa ikitajwa katika mipango ya kubomolewa na kujengwa upya kwa ghorofa. Huenda ni lazima, kwa kuwa watu wameongezeka. Lakini mpangaji atakayeingia Kaloleni na kalamu yake naahesabu kwanza miti, na aulize kwanza maji ya mvua hulala wapi. Akijenga juu zaidi ili auache uwanja, tutamsifu. Akijenga juu zaidi na kuumeza uwanja pia, atakuwa amechukua ubaya wa kila zama na kuuacha wema wake.

Nawe, msomaji kijana, usidhani kwamba mambo haya ni ya wakubwa. Miaka michache tu ijayo baadhi yenu mtakuwa wapimaji, mawakili, madiwani, makarani wa ardhi, au wazazi wenye akiba ndogo mnaotafuta kiwanja. Anzeni kujifunza leo. Ombeni mwalimu wa jiografia awatoe darasani siku moja wakati wa mvua, mfuate maji kutoka uwanja wa shule mpaka yanapoingia mtoni, na mwandike kila kitu kinachoyazuia. Waulizeni wazee jina la mtaa wenu lina maana gani. Mkionyeshwa ramani ya viwanja, tazameni kwanza mstari wa buluu, na kama haupo, ulizeni umekwenda wapi. Mkipewa kalamu ya kutia sahihi, kumbukeni yule mama na karai lake.

Ardhi haikuumbwa tupu ikingoja mistari yetu. Ilikuwa imeandikwa tayari, kwa mito, mabonde, miamba na miti, na aliye na busara huyasoma maandishi hayo kabla ya kuongeza yake. Mto hauwezi kujifunza kusoma ramani. Sisi tunaweza kujifunza kuusoma mto.